Saa ya Mkononi na Nguvu za Mama: Je, Inajua Umechoka?

Nawasalimu hasa nyinyi akina mama na walezi mnaotusikiliza mkiwa jikoni, dukani, shambani, au mmeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Kama una mtoto mkononi, endelea kumnyonyesha huku ukisikiliza.

Leo tutazungumza kuhusu saa za kisasa za mkononi, zile zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na saa za kulala. Siku hizi saa hizo zimeenea. Wako wanaonunuliwa na watoto wao, wako wanaoletewa na jamaa walio ng'ambo, na wengine wanazipata za bei nafuu mjini. Nyingi kati ya hizo zimeanza kutoa namba moja kila asubuhi, na zinadai kwamba namba hiyo ndiyo kiasi cha nguvu ulichonacho mwilini. Kampuni ya Garmin huiita Body Battery, yaani betri ya mwili, nayo huenda hadi 100. Kampuni ya Whoop hukupa asilimia pamoja na rangi ya kijani, manjano au nyekundu. Fitbit nayo ilianza kutoa alama kama hiyo mwaka wa 2021. Swali letu la leo ni hili: je, namba hiyo yaweza kuaminiwa na mama anayelea?

Niruhusuni nianze na mfano. Tuseme kuna mama, tumwite Mama Baraka, ana mtoto wa miezi miwili. Mtoto alipofikisha wiki tatu, dada yake anayefanya kazi Dubai alimletea saa kama zawadi. Akaivaa usiku na mchana. Kila asubuhi aliitazama, na mara nyingi ilisema 75 au 80. Lakini Mama Baraka alikuwa hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni bila kupumzika mara mbili. Alipoinuka ghafla, macho yaliingia giza. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, viganja vyako vimekuwa vyeupe. Nenda kliniki." Naye akajibu, "Lakini mama, saa inasema niko sawa."

Alikaa hivyo mwezi mzima. Siku alipompeleka mtoto kuchanjwa, muuguzi alimtazama mara moja tu, akamvuta kope la chini, akampeleka kupimwa damu. Damu yake ilikuwa gramu 8, ilhali mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa kuwa na gramu 12 au zaidi. Alikuwa amepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na hakuwahi kuirudisha.

Sasa tujiulize, ilikuwaje saa isione jambo ambalo mama mkwe aliliona kwa macho? Ili tujibu, ni lazima kwanza tujue saa inapima nini hasa.

Saa inapima nini?

Ukiigeuza saa hiyo, utaona taa ndogo za kijani upande unaogusa ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono, na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua na kuongezeka huko, na hivyo ndivyo inavyojua mapigo ya moyo. Ndani yake pia kuna kifaa kidogo kinachohisi mkono unapotikisika. Kwa sehemu kubwa, habari zote za nguvu zako hutoka kwenye mambo hayo mawili: mwanga na mtikisiko.

Kuna jambo moja zaidi. Moyo wa mtu mwenye afya haupigi sawasawa kama saa ya ukutani. Nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo, mara ndefu, mara fupi. Mwili unapokuwa umepumzika, mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi. Ukiwa na homa, ukiwa na wasiwasi, ukikosa usingizi au ukinywa pombe, mabadiliko hayo hupungua. Saa hutazama hali hiyo, hasa usiku, ikachanganya na muda uliolala na jinsi ulivyotembea, kisha kampuni hupiga hesabu kwa njia yake ambayo haijaweka wazi yote. Mwishoni unapata namba moja.

Kwa hivyo, kumbuka vizuri: namba hiyo ni makadirio, wala si kipimo. Ni sawa na mtu anayekadiria mahindi yaliyobaki ghalani kwa kuhesabu mara ambazo mlango umefunguliwa. Mara nyingine atapatia. Lakini yeye mwenyewe hajaingia ghalani kuona.

Ni yapi inayoyafanya vizuri?

Tusiidharau. Kuna mambo ambayo saa nzuri huyafanya vyema. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu aina saba za vifaa vya mkononi kwa watu 60. Aina sita kati ya saba zilipima mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Hilo ni jambo zuri. Lakini zilipoulizwa ni nguvu kiasi gani mwili umetumia, zote zilishindwa. Hata ile iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Basi ukisoma kwamba umechoma kiasi fulani cha chakula ulichokula, usipunguze ugali wako kwa ajili ya namba hiyo, hasa kama unanyonyesha.

Jambo lingine ambalo saa hulifanya vizuri ni kukulinganisha na wewe mwenyewe. Ikiwa mapigo yako ukiwa umelala huwa 62, na kwa siku tatu mfululizo yamekuwa 72, kuna kitu kimebadilika. Huenda homa inakuja, huenda umechoka sana, huenda una mimba. Saa haitakuambia ni lipi kati ya hayo, lakini imekugutusha, nawe utajiangalia.

Wanariadha wetu kule Iten wengi huvaa saa hizi, na zinawafaa. Lakini angalia maisha ya mwanariadha aliye kambini. Hulala usiku kucha, hupumzika tena mchana, hula kwa wakati, na uchovu wake mwingi hutokana na mbio. Saa inajua mbio. Uchovu wa mama na mlezi hutoka kwingine kabisa.

Kwa nini mama hupotezwa?

Kwanza, usingizi. Saa hujua umelala kwa sababu mkono umetulia na moyo umepunguza mwendo. Mama anayenyonyesha saa tisa usiku, amelala ubavu, ametulia ili mtoto asishtuke, huhesabiwa mara nyingi kana kwamba amelala. Uchunguzi wa wataalamu wa usingizi umeonyesha jambo hili tena na tena: vifaa vya mkononi hutambua vizuri mtu aliyelala, lakini hushindwa kumtambua mtu aliye macho huku ametulia. Vivyo hivyo kwa mlezi anayekesha na mgonjwa, amejilaza kwenye kiti, masikio yako wazi akisikiliza pumzi. Tena saa nyingi zimeundwa zikitarajia usingizi mmoja mrefu wa usiku. Usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga huja vipande vipande, na mwingine huja saa nane mchana.

Pili, kazi. Saa huhisi mkono tu. Ukifua nguo kwa mikono, inaweza kuhesabu hatua ingawa umeketi. Ukimtikisa mtoto alale, inaweza kudhani unatembea. Lakini ukisukuma toroli la maji huku mikono imetulia, hatua nyingi hupotea. Na mtoto wa kilo 10 aliye mgongoni, saa haimjui kabisa.

Tatu, mimba na uzazi. Mwanamke akiwa mjamzito, moyo wake hupiga haraka zaidi, hata mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika, kwa sababu damu imeongezeka mwilini na moyo una kazi ya watu wawili. Hiyo ni kawaida. Lakini saa inaweza kuona ni mfadhaiko na kukupa namba ya chini kila siku. Hata mzunguko wa kila mwezi hupandisha mapigo kidogo katika siku zinazotangulia hedhi.

Nne, na hili ndilo lililompata Mama Baraka. Saa hujifunza hali yako ya kawaida katika siku na wiki za kwanza unapoivaa. Yeye aliivaa akiwa tayari ana upungufu wa damu. Moyo wake ulikuwa tayari unakimbia ili kusambaza damu kidogo iliyobaki. Saa ikajifunza kwamba huyu mama ndivyo alivyo. Ikauchukua ugonjwa kuwa ndiyo afya yake, kisha kila asubuhi ikamwambia yuko sawa.

Na mtu akiambiwa amechoka?

Hatari haiko upande mmoja. Tuseme umeamka ukijihisi vizuri, unaimba, unawasha moto. Unaitazama saa, inasema 20. Ghafla miguu inakuwa mizito. Watafiti nchini Uingereza walichapisha mwaka wa 2018 jaribio lililofanyiwa watu wenye shida ya kukosa usingizi. Waliwapa vifaa vya kuvaa, kisha wakawapa majibu ya uongo. Walioambiwa kwamba wamelala vibaya walijihisi wachovu na wazito mchana, ingawa habari hiyo haikuwa ya kweli. Maneno peke yake yaliwachosha. Madaktari wameona pia watu wanaokosa usingizi kwa kuhangaikia namba ya usingizi.

Je, namba hufanana na jinsi mtu anavyojihisi? Mwaka wa 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha matokeo ya vijana karibu 800 waliovaa saa kwa miezi mitatu huku wakiulizwa mara kadhaa kwa siku wanavyojihisi. Kuhusu muda wa kulala, saa na watu walikaribiana. Kuhusu uchovu, walikubaliana kidogo tu. Kuhusu mfadhaiko, ilikuwa karibu kama hawajuani. Mtu aliyefurahi sana na mtu aliyekasirika sana, mioyo yao yote hupiga mbio, na saa haiwezi kuwatofautisha.

Na hao walikuwa vijana wanafunzi. Hawakuwa wakiamka mara nne kwa usiku kunyonyesha. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwili huo ni wewe unayeulalia.

Tahadhari kuhusu saa za bei rahisi

Hapa nataka niseme wazi. Kuna saa zinazouzwa kwa bei ndogo zikidai kupima shinikizo la damu, sukari na kila kitu. Ukitaka kujua jinsi mwanga unavyoweza kudanganya, funga saa kwenye ndizi mbivu. Baadhi yake zitakupa mapigo ya moyo ya ndizi. Mwezi wa Februari mwaka wa 2024, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwani haikuwa imeidhinisha hata moja. Mwenye kisukari akizifuata anaweza kukosea dawa na kuhatarisha maisha.

Na wewe mama mjamzito, shinikizo la damu lipimwe kliniki kwa kifaa cha kufunga mkononi na kujazwa hewa. Ukiumwa sana na kichwa, ukiona ukungu machoni, au uso na mikono ikivimba, usingoje saa iseme neno. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tufanye nini basi?

Kama una saa, huna haja ya kuitupa. Itumie hivi.

Weka daftari dogo karibu na kitanda. Mnasema mali bila daftari huisha bila habari. Na nguvu za mwili pia ni mali. Kila asubuhi, kabla hujaitazama saa, jipe alama kuanzia 0 hadi 10. Jiulize: Nimeamka na nguvu kiasi gani? Nimeamka mara ngapi usiku? Jana nilikula nini? Andika. Baada ya hapo ndipo utazame saa, uandike namba yake kando. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Ukiona zinakwenda pamoja, saa yako inakufahamu kiasi. Ukiona kila moja inakwenda njia yake, basi soma mapigo ya moyo na muda wa kulala tu, na ile namba ya nguvu uiache.

Zinapotofautiana, lifuate lile linalokutaka ujitunze. Saa ikisema 80 na wewe huwezi kusimama, wewe ndiye mkweli. Saa ikisema 20 na wewe unajihisi vizuri, fanya kazi zako pole pole, kisha ujiangalie kama una homa au kidonda, au kama ziwa linauma.

Na iwe una saa au huna, zijue dalili hizi. Nenda kliniki ukiwa na uchovu unaozidi wiki mbili hata baada ya kulala, ukihema ukitembea mahali tambarare, moyo ukienda mbio umeketi, kizunguzungu, viganja, kucha au ndani ya kope kuwa vyeupe, homa, au damu inayotoka nyingi baada ya kujifungua. Damu ikitoka nyingi usingoje hata saa moja. Muulize mhudumu akupime damu, na kama unaishi penye mbu wengi, akupime malaria pia.

Kuna uchovu mwingine ambao hauonekani kwenye kiganja. Mama anaweza kulala na bado akaamka hana hamu ya lolote, analia bila sababu, hamtaki hata mtoto. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, ni ugonjwa, nao hutibika. Si uvivu, wala si kurogwa. Na ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na akupeleke hospitali.

Kuhusu chakula, mama aliyepungukiwa na damu hujengwa na maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu na mboga za majani kama terere na managu. Kula pamoja na chungwa, nyanya au pilipili hoho, kwani husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma. Chai ingoje. Ukinywa chai pamoja na chakula, mwili hufyonza madini hayo kidogo zaidi. Subiri angalau saa moja. Ukiwa mjamzito, meza kila siku vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki. Choo kikigeuka cheusi usiogope, ni vidonge hivyo.

Neno kwa walio nyumbani

Mwisho, nazungumza na baba, nyanya, shangazi na watoto wakubwa. Mnaweza kumnunulia mama saa ya bei ghali ikamwambia kila asubuhi kwamba hajapumzika. Yeye analijua hilo tayari. Kinachomrudishia nguvu ni mtu wa kuteka maji, mtu wa kumshika mtoto saa mbili asubuhi ili alale kidogo, mtu wa kukesha na mgonjwa zamu moja kwa usiku. Mama Baraka alipopewa vidonge, mume wake alianza kuteka maji mwenyewe, na mama mkwe akawa anamchukua mtoto kila mchana. Baada ya miezi mitatu alirudi kupimwa, na damu ilikuwa imefika 12. Saa bado anaivaa. Siku hizi anaitumia kujua ni saa ngapi, na kutazama mapigo yake mara moja kwa wiki.

Mambo ya kukumbuka

1. Namba ya nguvu kwenye saa ni makadirio yanayotokana na mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono.
2. Saa haioni upungufu wa damu, njaa, huzuni, wala mtoto aliye mgongoni.
3. Jipime mwenyewe kwanza kila asubuhi, kisha ndipo utazame saa.
4. Usitumie saa kupima sukari au shinikizo la damu badala ya kwenda kliniki.
5. Uchovu unaozidi wiki mbili hupelekwa kwa mhudumu wa afya.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Ni nani katika nyumba yako hukuuliza kama umepumzika? Ni kazi gani moja ambayo mtu mwingine anaweza kuichukua wiki hii? Mara ya mwisho damu yako ilipimwa lini?

Geuza kiganja chako sasa, ukitazame mwangani, kisha utazame na cha jirani yako. Tukutane tena wiki ijayo wakati kama huu. Kwaherini.